Siku Tuliyobaki na Viazi

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka ishirini na saba na magoti yangu bado yananifikisha kijijini Ntalikwa kwa baiskeli bila kunung'unika. Lakini mtu aliyefanya kazi kwenye kampuni changa, tangu mlango unafunguliwa mpaka unafungwa, huzeeka kwa namna isiyoonekana kwenye cheti cha kuzaliwa. Mama yangu ndiye aliyeanza kuniita mstaafu, siku niliporudi nyumbani na godoro kichwani. "Karibu mstaafu," alisema. "Kiinua mgongo kiko wapi?" Nikamwonyesha kisu cha kumenyea viazi.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaonipigia simu: dada Kabula, nimepata nafasi kwenye kampuni ya vijana, niende? Sitawaeleza cheo changu, ingawa kilikuwa kirefu mpaka kadi ikakosa nafasi ya namba ya simu. Nitawaeleza tulivyofanya kazi, na yaliyompata Mama Kalunde. Mkimaliza kusoma, amueni wenyewe kama mtakwenda.

Kampuni ilikuwa uani kwa marehemu bibi yake Fredi, mwanzilishi wake, mtaa wa Chemchem, hapa hapa Tabora mjini. Kaka Fredi alikuwa amesoma chuo kikuu Dar es Salaam, akarudi na kompyuta iliyofungwa gundi bawabani na wazo moja tu. Wazo lenyewe lilikuwa matobolwa. Mtu wa kwetu haelezwi matobolwa, ila kwa wageni niseme: ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa na kuanikwa mpaka vikakakamaa. Bibi zetu huviweka kwa ajili ya miezi ya njaa, na watoto huvitafuna njiani kwenda shule. Fredi alitaka kuvitia kwenye pakiti zenye kung'aa ili watu wa Dar wavitafune wakiwa kwenye foleni za magari. Akaviita Mpagazi, kwa kuwa njia ya misafara ya zamani ilipita hapa. Kwenye pakiti pakachorwa mpagazi mwenye mzigo begani, anatabasamu meno yote. Nilimuuliza Fredi ni nani aliyemwambia wapagazi walikuwa wanatabasamu. Akasema soko ndilo linalotaka hivyo.

Siku ya kwanza alinihoji tukiwa tumesimama, kwa sababu viti vilikuwa bado kwa fundi.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Matokeo?"

"Yalitoka."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kazi umepata. Hapa hatuna bosi, Kabula. Hapa sisi ni familia." Nilifurahi kweli. Siku hizo nilikuwa mtu wa kufurahia hata ukuta ukipakwa chokaa. Nilishajiona nafungua tawi la Kigoma, halafu la Mwanza, halafu napanda ndege kwenda kufungua lingine ambalo jina la mji wake sikulijua bado.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Kalunde. Alikuwa mkubwa kuliko wanawake wote pale uani, mumewe mgonjwa wa kifua nyumbani, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona kucha ndefu hivyo, umekuja kazini au umekuja kuchumbiwa?"

Akanikatia kucha mwenyewe, kwa kisu. Ndipo akanionyesha. Chagua viazi vya ukubwa mmoja viive pamoja. Ukichanganya, vidogo vitakuwa uji wakati vikubwa bado vinagonga meno. Funika sufuria kwa gunia lililolowa, mvuke usikimbie. Menya vingali vya moto, vidole ukivichovya kwenye maji baridi. Kata kwa urefu, maana vipande vya mviringo hukunjamana na kuvunjika. Anika juu ya waya, si juu ya bati. Geuza jua likiwa utosini, anua kabla ya umande. Na kubwa kuliko yote: kiazi kikishachemshwa, kikatwe siku hiyo hiyo. Ukikilaza, asubuhi utakuta kinateleza na kunuka pombe, na hapo hata mbuzi atakitazama mara mbili.

Tulikaa duara. Mikono ilikata, midomo ikafanya kazi yake. Pale ndipo nilipojua nani kagombana na mkwewe, nani mtoto wake kafaulu, na kwa nini mchungaji fulani kahamishwa, jambo ambalo siandiki. Mwenye mikono mizito alibebwa na hadithi, na hadithi ikinoga hakuna aliyekumbuka mgongo.

Halafu Fredi akaenda Dar kwenye mafunzo ya vijana wenye kampuni changa. Alirudi na karatasi za rangi za kubandika ukutani, na saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Unaizungusha, inahesabu kimya kimya, halafu inalia. Kabla haijalia hakuna kuongea. Ikilia, mnapumzika kidogo, halafu mnaanza tena. Tulitawanywa, kila mtu meza yake, uso ukutani.

"Kwa hiyo hii nyanya ndiyo inayoniamrisha mimi?" aliuliza Mama Kalunde.

"Haikuamrishi mama, inakusaidia. Muda ni mtaji."

"Wa nani?"

Fredi alitabasamu akaandika kitu kwenye simu. Asubuhi tukaanza kusimama kikao, kila mmoja aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na kikwazo chake. Zamu ya Mama Kalunde ilipofika alisema: "Jana nilimenya viazi. Leo nitamenya viazi. Kikwazo ni kikao hiki." Tulicheka hadi Fredi mwenyewe akacheka. Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlijue hilo mapema. Kabla yake tulikuwa tunatafuta visu kila asubuhi kama kuku waliopotea. Yeye ndiye aliyepigilia misumari ukutani, kila kisu na msumari wake, na mpaka leo nyumbani kwangu kisu kina msumari. Mimi mafunzo yake niliyapenda. Niliamka alfajiri, nikanywa glasi ya maji, nikabandika malengo yangu juu ya kitanda. Panya wakala Mwanza. Nikaiandika tena.

Kiangazi kile tukapata oda kutoka kwa mwenye maduka makubwa Dar. Ya kwanza ya namna hiyo. Mzigo ulitakiwa upande basi siku iliyopangwa, na kwa kuwa kuanika kuna siku zake, viazi vyote vilipaswa kukatwa siku moja. Magunia yalishuka kutoka Ntalikwa kwa baiskeli, tukawasha moto alfajiri, mapipa matatu yakachemka. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeanza kumenya tuliposikia kilio nyumba ya pili. Mama mzazi wa Bi Zuhura alikuwa amefariki.

Bi Zuhura ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa mtaa ule kwa mambo ya kufa na kuzikana. Ni Mwislamu, kwa hiyo maziko yangekuwa alasiri hiyo hiyo. Na Chemchem msiba hauhudhuriwi kwa kufika. Unahudhuriwa kwa kisu. Mwanamke anakuja amefunga kanga kiunoni na kisu chake mwenyewe, anamenya vitunguu, anateka maji, anachochea moto, dini yoyote iwayo, kwa sababu mwenye msiba hashiki mwiko. Ukija ukakaa tu, wewe ni mgeni.

Akina mama walinyanyuka pamoja, wakifuta mikono. Fredi akasimama mbele ya geti. Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu, maana kufoka wangemzoea.

"Mama zangu, nawaomba. Viazi vimeshachemka."

"Mwanangu, Bi Zuhura kafiwa," alisema Mama Kalunde.

"Najua, mama. Rambirambi nimeshaandaa. Nitaipeleka mwenyewe kwa niaba yetu wote."

"Rambirambi haimenyi vitunguu."

"Mkitoka sasa hivi viazi vinachacha, na oda imekufa. Oda ikifa, kesho hakuna kazi hapa. Si mimi ninayewafukuza. Ni hali."

Nikasema, "Kaka Fredi, basi nusu waende, nusu tubaki."

"Kabula, usinivunjie timu."

Kila mtu alimtazama Mama Kalunde. Yeye alitazama mapipa yanayofuka moshi, akatazama geti. Nilijua anachokiona. Mumewe alikuwa kitandani tangu masika, na dawa zake zilitoka kwenye viazi vile. Alikaa chini polepole, kama mtu anayekalia jiwe la moto. Alipokaa yeye, wakakaa wote.

"Tutakwenda jioni," alisema.

Tulikata. Alasiri jeneza likapita nje ya ukuta wetu, tukasikia nyayo za wanaume na dua zao. Visu vikatulia vyenyewe. Lilipokwisha kupita, nyanya ikalia kutuambia tupumzike.

Jioni tulikwenda sote, watu kumi, mikono bado ya njano. Tulipokelewa vizuri kupita kiasi. Viti vikafutwa kwa kanga. Chai ikaletwa kwenye vikombe vya vioo, vile vya kabatini. Mama Kalunde alifungua pindo la kanga akatoa kisu chake, akaenda zilikokuwa sufuria. Mama mmoja akamshika mkono kwa adabu yote.

"Hapana mama. Ninyi wageni wetu. Kaa, unywe chai."

Akarudi akakaa. Alikinywa kikombe kile hadi mwisho. Tulipotoka nilimwambia, "Mama, mbona wametupokea vizuri hivi!"

Alisimama barabarani akanitazama. "Kabula, mwanangu, ulilelewa na watu au na redio? Wametutoa. Wametutoa, na chai wametupa."

Mzigo ulipanda basi. Fredi alinunua soda, akatupiga picha tukiwa tumeshika pakiti za Mpagazi, akaziweka mtandaoni na maneno ya kusifu kujituma. Watu wengi wasiojua Chemchem iko wapi wakapenda.

Kabla ya mvua za kwanza, mume wa Mama Kalunde akafariki. Sasa niwaambie jambo ambalo hakuna mafunzo yatakayowaambia. Mtaa mzima ulikuja. Hakubaki mtu nyumbani. Wanaume walichimba kaburi, kwa sababu kaburi halisubiri watu wapatane. Lakini akina mama walikuja na kanga za sherehe, mikono imekunjwa vizuri, wakaketi mikekani wakasubiri kuhudumiwa. Bi Zuhura alikaa mbele kabisa. Aliingia ndani akampa mfiwa mkono, akampa pole, akatoka akarudi mkekani. Hakuna aliyefunga kanga kiunoni, wala kisu kilichotoka.

Mama Kalunde alikuwa chumbani, amelazwa chini kama desturi, wakwe zake wamemzunguka. Nilipoingia kumpelekea maji alinishika gauni.

"Jikoni mbona kimya?"

"Tunapika, mama."

"Nani anapika?"

Nikasema sisi wa kazini. Akaniachia gauni, akajigeuzia ukutani.

Tulipika sisi, vijana tuliozoea viazi, tukaunguza ugali wa watu wazima. Fredi alikata kuni. Namkumbuka kwa shoka lile, shati jeupe, kila pigo linakwenda lilikotaka lenyewe. Machozi yalimtoka, na si ya moshi peke yake.

"Kabula," aliniuliza kwa sauti ya chini, "kwani si wamekuja wote?"

"Wamekuja."

"Sasa kosa liko wapi?"

Nilimweleza. Alisikiliza akiwa ameegemea shoka, mtoto wa mtaa ule ule, amezaliwa hapo, ametahiriwa hapo, na nilimwona anaelewa kidogo kidogo kama mtu anayesikia maumivu ya jino. Nilidhani atakwenda mkekani kwa Bi Zuhura, apige magoti, aseme ni mimi niliyesimama getini. Alipiga hatua kweli. Halafu simu yake ikaita, wa maduka ya Dar, akatoka nje ya ua kuipokea.

Jumatatu kwenye kikao cha kusimama tulikuta karatasi mpya ukutani, ya kijani. Likizo ya msiba: siku tatu kwa ndugu, siku moja kwa jirani. Fredi aliisoma kwa sauti, akasema tumejifunza. Mama Kalunde, bado amejitanda kaniki ya msiba, akainyooshea karatasi ile kidole.

"Sasa hii nimpelekee Bi Zuhura?"

Alitundua kisu chake msumarini akaenda zake, na ndiyo siku yake ya mwisho ya kazi, hata kama hakuna aliyeitamka hivyo.

Kampuni yenyewe haikudumu. Mwenye maduka hakurudisha mzigo wala hakuagiza mwingine. Alinyamaza tu, na huko ndivyo wanavyokataa. Mvua zikaja, waya zikakaa bure. Fredi akapata kazi Dodoma kwenye shirika moja, anafundisha vijana kuanzisha kampuni. Huwa namsoma mtandaoni. Anaandika kwamba kushindwa ni shule. Sawa, lakini katika shule hiyo yeye alipewa cheti, na ada alilipa Mama Kalunde.

Mnaniuliza mafunzo. Haya, yapo. Noa kisu jioni, siyo asubuhi. Kula kabla ya kazi. Andika malengo yako mahali panya hawafiki. Mtu akikwambia kazini ni familia, muulize familia hiyo ikifiwa nani anapika; akishangaa swali, chukua mshahara wako kama kibarua na upendo wako uache nyumbani. Na akikufundisha kuokoa muda, mtazame muda uliookolewa unakwenda mfuko wa nani. Sisi tuliokoa alasiri moja. Ninayo hesabu ya ilivyotugharimu, na sijui nimpelekee nani.

Mama Kalunde hakuhama, wala hakuomba radhi kwa maneno. Aliniambia maneno wanayo wasomi. Alianza kwenda kila msiba wa Chemchem, wa Mwislamu, wa Mkatoliki, wa Mmoraviani, hata wa mtu asiyemjua jina. Nilikuwa bado nimepanga chumba mtaani hapo, nikawa namsindikiza, kwa kuwa nilimpenda na kwa kuwa sikuwa na kazi. Kila mahali ilikuwa vile vile. Anatoa kisu, anashikwa mkono kwa adabu. Kaa mama, wewe mgeni. Anakaa. Analetewa chai mapema kuliko wote, na nyama nzuri, na maji ya kunawa anamiminiwa na binti aliyepiga goti. Sijaona mtu akiheshimiwa akakonda, ila yeye. Njiani alikuwa anatania, "Nitakufa kwa sukari, Kabula. Hawa wameamua kuniua kwa sukari." Siku moja mlangoni kwake akasema alichokuwa anakiogopa: "Na mimi siku yangu ikifika, watakuja wamekunja mikono hivyo hivyo. Wanangu watachemsha maji peke yao."

Mara ya mwisho ilikuwa msiba wa seremala mmoja. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, ua wote tope, watu wengi, wapishi wachache. Mama Kalunde alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha heshima, kikombe mkononi, mimi pembeni yake na changu. Bi Zuhura akatokea jikoni, jasho linamtiririka, mwiko mkononi, akapita mbele yetu mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu akasimama.

"Wewe Mama Kalunde!" Sauti yake ilifika barabarani. "Umekuja kutuhesabu? Sufuria zile azisugue nani, marehemu?"

Mtu akaguna kicheko. Mama Kalunde akajibu kwa sauti ya zamani, ile ya kabla ya nyanya: "Kwani umeniambia? Nilidhani mnazipenda hivyo hivyo, chafu."

"Mdomo! Njoo huku na mdomo wako!"

Kikombe alikiweka chini kwenye tope, hata hakukitazama. Alijifunga kanga kiunoni huku anakwenda, akachota majivu kwa kiganja, akapiga magoti kwenye sufuria kubwa kuliko zote akaanza kusugua. Niliona mabega yake yanatikisika. Bi Zuhura alimsukumia nyingine kwa mguu, bila neno, na yeye akaipokea.

Nami nikanyanyuka. Nilikuwa nimeshashika pindo la kanga, nimeshapiga hatua, na moyo unanidunda kwa furaha kama siku ile ya kwanza kazini. Binti mmoja akanigusa bega. Alikuwa mpole, hakuwa na ubaya wowote usoni.

"Kaa tu dada," alisema. "Wewe mgeni. Nikuongezee sukari?"